Fundi wa dizeli wa Machomane, Chake Chake, na mlio wa Hiace yangu

Gari yangu ni Toyota Hiace ya mwaka 1996, injini 3L, dizeli isiyo na turbo, sentimita za ujazo 2,779. Aliinunua marehemu baba, nami naiendesha mwenyewe mwaka wa saba huu. Msimu wa karafuu inapeleka wachumaji mashambani alfajiri na kurudi na magunia jioni. Nje ya msimu inabeba ndizi na mihogo mpaka bandarini Mkoani, hapa hapa Pemba. Nyumba yetu inakula kwa gari hii, kwa hiyo nikisikia kitu kigeni ndani yake hata usingizi unanipotea.

Mlio ulianza kidogo kidogo. Mara ya kwanza niliusikia Mtambile, nimesimama kushusha abiria, injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Chini ya mngurumo ule nilioujua tangu msichana palikuwa na kitu kingine, tiki-tiki-tiki ya haraka, kavu, kama mtu anayegongagonga sahani ya bati kwa ncha ya kijiko. Nikazima, nikawasha, sikuusikia tena. Wiki ya pili ukawa haufichiki. Asubuhi gari ikiwa baridi haupo, ikipata moto umo. Ukikanyaga mafuta unazama, ukiachia unarudi. Utingo wangu akasema nozeli, inayopulizia dizeli ndani ya silinda. Jirani akasema tapeti, zinazosukuma vavu. Kwenye Hiace hizi injini iko chini ya viti vya mbele, ukiinua kiti unaiona, na kila aliyeinamisha kichwa pale aliondoka na jawabu lake.

Nilikwenda kwanza gereji moja hapa hapa kisiwani ambayo sitaitaja. Fundi alisimama nje ya mlango, akasikiliza nusu dakika, akasema konrodi hiyo, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, beringi zimekwisha. Injini ishushwe, krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, ikachongwe, beringi mpya, na pistoni zitazamwe hapo hapo. Shilingi 1,900,000 kwa kuanzia, wiki tatu. Nilimuuliza amejuaje. Akanijibu kuwa dizeli ikigonga ni konrodi. Msimu wa karafuu ulikuwa mlangoni na pesa niliyokuwa nayo ni ya kuwalipa wachumaji. Usiku ule nilimwambia mdogo wangu aanze kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wetu mmoja.

Aliyenizuia ni ami yangu wa Ole. Alisema, "Kabla hujauza kitu, ipeleke kwa yule mzee wa Machomane. Yeye hafungui asichokisikia."

Mahali penyewe hapana bango. Ukitoka mjini Chake ukaingia Machomane, ulizia fundi wa dizeli wa chini ya mwembe, hata mtoto atakupeleka. Utakuta banda la makuti, meza nzito yenye jiliwa, mapipa mawili ya oili chafu, na mchanga uliofagiliwa. Hili la mchanga nalitaja makusudi. Nati ikianguka pale inaonekana, na kila alichokifungua amekipanga juu ya gunia kwa utaratibu wa kutoka kwake. Jina lake hakutaka niliandike, nami namheshimu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Gari imekuja kwa miguu yake au imekokotwa?"

"Kwa miguu yake."

"Basi kaa kitako kwanza, tuzungumze."

Nilitarajia ainue kiti. Alikaa juu ya ndoo akaanza kuniuliza. Unagonga ukipanda mlima na mzigo, au ukisimama? Nikamwambia ukisimama, mlimani siusikii. Injini baridi au moto? Moto. Taa ya oili imewahi kuwaka? Haijawahi. Moshi umebadilika rangi? La. Nguvu imepungua? La. Breki je?

Hapo nikanyamaza. Breki zilikuwa zimekuwa ngumu, hasa nikikanyaga mara mbili za haraka kwenye mteremko, na mimi nilikuwa nimeshajiambia kuwa ni viatu vya breki vimelika. Sikuwahi kuvifikiria hivi viwili pamoja. Mzee hakusema neno, alitikisa kichwa tu.

Swali lake la mwisho ndilo lililonifanya nimwamini: "Mwaka huu kimefunguliwa nini katika injini hii?" Bahati njema baba aliacha daftari, na mimi nimeendelea nalo. Kila oili iliyobadilishwa imo, kilomita na tarehe. Nikalitoa kwenye dashibodi. Mkanda wa taiming ulibadilishwa miaka miwili nyuma, jambo lililomfurahisha, maana katika injini hizi hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika safarini vavu hukutana na pistoni. Chini yake palikuwa na mwandiko wangu wa mwezi wa Februari: altaneta, ile inayochaji betri, imebadilishwa, mtumba, fundi wa njiani. Aliuwekea kidole mstari ule akaniuliza, "Mlio umeanza kabla ya hii au baada?" Baada. Akanirudishia daftari.

Kisha akanieleza, polepole, kama mwalimu wa chuoni. Konrodi iliyolegea hulalamika zaidi inapobebeshwa mzigo, kwa sababu ndipo pistoni inapoisukuma kwa nguvu. Mlio unaozimika mlimani na kurudi gari ikisimama, yeye angeona haya kuuita konrodi kabla hajathibitisha. Lakini na kuukana bila kupima pia hakutaka. "Tutamuuliza kila mmoja wao," alisema, akimaanisha vyombo vya injini.

Alianza na oili. Alichomoa kijiti cha kupimia, akadondosha matone machache kwenye kisahani cheupe cha chai, akakipeleka juani, akakiinamisha huku na huku. Beringi zinazokatika huacha vumbi la kung'aa ndani ya oili. Alinishikisha nitazame mwenyewe. Ilikuwa nyeusi, kama oili ya dizeli yoyote iliyokwishatembea, na haikuwa na chembe. Akaisugua baina ya vidole, akanusa, akafuta mkono.

Pili nozeli. Gari ikiwaka, alilegeza nati ya bomba la dizeli kwenye silinda ya kwanza kwa spana namba 17, kitambaa kizito kikiwa kimezungushiwa, na akanitaka nisimame mbali, maana dizeli inayoruka pale ina nguvu ya kupenya ngozi. Silinda ile ikakosa mafuta, injini ikaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Lakini tiki-tiki haikubadilika. Akakaza, akaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mara injini inayumba na mlio uko vile vile. Mlio wa nozeli au wa konrodi, alisema, hupungua au kunyamaza silinda yake inapokatiwa mafuta, kwa kuwa moto unaoupiga haupo tena. Huu haukujali. Kwa robo saa ile, na kwa spana moja, shilingi 1,900,000 ziliniondokea kifuani.

Tatu ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Ana bisibisi ndefu karibu ya mkono mzima, mpini wake wa mbao umeng'aa kwa jasho la miaka. Ncha unaiegesha kwenye chuma, mpini unauegemeza kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Alisikiliza, kisha akaniachia nami. Kwenye nozeli nilisikia mapigo mazito yenye mpango. Kwenye kifuniko cha tapeti, mchakacho laini wa cherehani. Kwenye ubavu wa injini, ngurumo ya mbali. Aliponiongoza mkono mpaka nyuma ya altaneta, nilitoa kichwa upesi. Ile sahani ya bati ilikuwa ndani ya sikio langu.

Bado hakusema ni nini. Aliniambia nihesabu. Tapeti moja hugonga mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili, kwa hiyo mlio wake ni wa polepole. Kilichofungwa kwenye krenki kinakwenda sawa na krenki. "Huu wako unakimbia kuliko krenki yenyewe. Nambie, kitu gani hapa kinazunguka haraka kuliko krenki?" Sikujua. Akanionesha puli mbili: kubwa ya krenki, ndogo ya altaneta. Mikanda inayozizungusha ni ile ile, kwa hiyo ndogo lazima izunguke mara nyingi zaidi. Nimeendesha gari hii miaka saba na sijawahi kulitazama jambo hilo.

Mwisho akazima, akaingia chini ya gari, akalegeza altaneta na kutoa mikanda yake. Akawasha kwa muda usiofika dakika, kwa sababu wota pampu nayo huzungushwa na mikanda ile ile na maji yalikuwa hayatembei. Kimya. Nasema kimya lakini injini ilikuwa inanguruma, ngurumo ile ya baba, safi, bila kijiko wala sahani. Nilishika mlango wa gari nikawa nalia, na mzee akajishughulisha na kupanga spana zake mpaka nilipotulia.

Akanikataza kuisogeza hata hatua moja bila mikanda, na hapa ndipo nilipofahamu habari ya breki. Gari ya petroli ina kizuizi cha hewa kwenye njia ya kuingilia, na uvutaji unaopatikana pale ndio unaosaidia busta ya breki, chombo kinachouongezea mguu nguvu. Dizeli kama hii hewa inaingia bila kuzuiwa, uvutaji huo haupo, kwa hiyo wameipa pampu yake ya kuvuta hewa. Katika Toyota hizi pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa altaneta, inazunguka kwa mhimili mmoja nayo, na inalainishwa na oili ya injini inayokuja kwa mpira mwembamba na kurudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa mpira mnene. Pampu ikifa, breki bado zipo, lakini zinabaki na nguvu za mguu wako peke yake. Nikakumbuka miteremko yote niliyoshuka mwezi ule na abiria kumi na wawili nyuma yangu, wengine na watoto mgongoni.

Alipoifungua pampu aliniwekea vipande juu ya gunia. Ni kidude cha kushika kwa mkono mmoja. Ndani yake mna vibao vyembamba vinavyocheza kwenye mifereji yao, vikizunguka vinatupwa nje na kukwangua ukuta wa duara. Kingo za vibao vyangu zilikuwa zimeng'oka vipande vipande, na ukuta una michirizo unayoisikia kwa ukucha. Gari ikienda mbio mzunguko unavibana ukutani na mlio unazama. Ikisimama vinalegea na kugongana. Jibu la swali lake la mwanzo, la mlimani au kusimama, lilikuwa pale mkononi mwangu.

Na sababu? Ule mpira mwembamba wa oili. Aliyefunga altaneta mwezi wa Februari aliukunja ukapita nyuma ya kishikizo, kisha akaufunga kwa waya usicheze. Mzee aliukata kwa kisu, akanionesha tundu lililobaki, dogo kama la sindano ya kushonea magunia. Miezi yote ile pampu ilikuwa inakunywa tone kwa tone.

Sasa kuhusu huduma yenyewe, kwa anayetaka kwenda.

Kusikiliza na kupima alinitoza 25,000, na alinitajia kabla hajaanza. Wapo watakaoona ni pesa ya bure kwa sababu hakuna kilichotengenezwa. Mimi naona ndiyo pesa iliyofanya kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kutoa gereji. Ufundi 40,000. Pampu ya mtumba kutoka Unguja 140,000. Mpira mpya wa oili na washa zake za shaba 18,000. Mikanda miwili 22,000, kwani alisema ya zamani imeng'aa na itateleza. Oili lita sita pamoja na chujio 87,000. Jumla 332,000. Ng'ombe yuko bandani.

Tulipingana jambo moja. Nilitaka pampu mpya, ile ya boksi, ambayo dukani ilikuwa haizidi sana bei ya mtumba. Yeye akakataa, akasema mtumba halisi uliotoka kwenye gari ya Japani ameufungua na kuupima, na ile mpya hajui vibao vyake ni vya nini. Nilikubali kwa sababu alinifungulia mtumba ule mbele yangu na ukuta wake ulikuwa laini kama kioo. Hata hivyo ningependa fundi amwachie mwenye gari uamuzi wa mwisho, na nilimwambia hivyo uso kwa uso.

Yasiyoniridhisha ni haya. Nilisubiri siku sita, tano kati ya hizo ni za kuingoja spea ipande meli na kufika Mkoani, na siku zile nilikodi gari ya mwenzangu ili wachumaji wasikae. Fundi hana wa kulaumiwa kwa bahari, ila alisema "kesho" mara mbili wakati alijua si kesho. Risiti hakuna, anaandika kwa penseli kwenye daftari lake, na ukitaka nakala uandike mwenyewe. Simu hapokei akiwa kazini. Anashika gari moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukikuta ameinama kwenye injini ya mtu, keti au urudi. Ijumaa baada ya saa tano humkuti. Na gari za dizeli za siku hizi zenye kompyuta anazikataa waziwazi, haanzi kujaribu. Hilo mimi nalihesabu upande wa sifa, lakini mwenye gari kama hiyo asifunge safari.

Ukenda, ipeleke gari katika hali ambayo mlio unasikika. Wangu ulikuwa wa moto, kwa hiyo niliifikisha imetembea. Wako ukiwa wa asubuhi, ilaze pale pale kwake aiwashe yeye baridi. Nenda na kumbukumbu ya kila kilichofunguliwa. Na breki ijaribu mwenyewe hata kabla hujatoka nyumbani: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha uishikilie na uwashe. Pampu ikiwa nzima, mguu utashuka kidogo wenyewe. Wangu siku ile haukushuka. Alipomaliza kufunga alinitaka nijaribu tena, na ulizama taratibu chini ya kiatu changu, kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa.

Ni wiki ya nne sasa. Nimebeba magunia kutoka Konde mpaka Chake, nimeshuka Mkoani mara tisa na mzigo. Juzi nilipita Mtambile, nikaegesha pale pale, karafuu za watu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, nikafungua mlango, nikamwambia utingo azime redio. Tulisikiliza mpaka abiria mmoja akauliza kama gari imeharibika.

Kifuniko cha tapeti kinavuja oili kidogo upande wa nyuma. Mzee alikiona siku ile ile, akakifuta, akasema gasketi yake itangoja mpaka karafuu ziishe. Nimekiandika kwenye daftari la baba.